Tenor wanapasukia la 3, soprano wako chini ya toni: tuanzie wapi?

Tenor_Himbi (Goma)

Wandugu, jambo kwenu. Niko na swali la kwaya yetu nzima.

Wimbo tunaouandaa unaanza Fa. Hapo noti ya juu kabisa ya tenor ni fa 3 na wanaifikia bila taabu. Baada ya ubeti wa tatu tunapandisha hadi Sol, na mwishoni hadi La. Kwenye Sol shingo zinaanza kuvimba na videvu vinapanda. Tukifika La, watatu wanapasuka, wawili wanaingia falseto (ile sauti nyembamba ya kichwa) na hawasikiki tena, mmoja anashuka oktava. Kwa soprano neno la mwisho ni "Mungu", silabi ya "-ngu" iko la 4 na inashikwa mapigo 6. Inatoka nyembamba, imebanwa, na iko chini ya toni.

Nahesabu kwa mtindo wa Kifaransa: do 3 ni do ya katikati ya klavye, la 3 ni ile ya 440.

Tuko na mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni. Vyombo ni klavye, gitaa mbili, ngoma, bafle (spika) mbili na retur moja, yaani spika inayowaelekea waimbaji ili wajisikie. Zimebaki wiki 10. Nahitaji kujua mazoezi gani, dakika ngapi, na dalili gani zinaonyesha kwamba tunakosea.

Mwalimu_wa_Solfa (Bukavu)

Ndugu wa Himbi, aksanti kwa kutaja noti kwa namba, maana bila hivyo tungejibizana wiki nzima bila kuelewana. Kwa wengine watakaosoma: programu nyingi za simu huita do hiyo ya katikati C4, na la ya 440 A4. Ukisoma namba kwenye simu, punguza moja upate namba ya Kifaransa. Halafu mjihadhari na vitabu vya nyimbo vya solfa ya herufi, do yake inahama. Ikiwa juu ya wimbo imetajwa kwamba do ni Fa, basi "do" unayoimba ni fa. Wapo wanaoamini wamefika do ya juu, kumbe wako fa.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Noti inayopasuka kwenu ni la 3, lakini kosa halifanyiki pale. Linafanyika mi 3, fa 3 na fa diezi 3, na la 3 inalipokea tu.

Nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya kongomeo hutetemeka mara 349 kwa sekunde kwenye fa 3, na mara 440 kwenye la 3. Ili zifike huko lazima zinyooshwe, ziwe ndefu na nyembamba. Kuna misuli ya aina mbili inayovutana. Ya kwanza iko ndani ya nyuzi zenyewe, inazifupisha na kuzinenepesha, na ndiyo inayotawala unapoongea au unapoimba kwa sauti ya kifua. Ya pili iko mbele ya kongomeo, na kazi yake ni kuzivuta nyuzi zinyooke. Kupanda vizuri maana yake ile ya kwanza inalegea kidogokidogo kadiri ya pili inavyokaza. Tenor wenu wanabeba unene wote wa kifua mpaka sol 3. Nyuzi nene hazikubali kunyooka, basi mwimbaji anaongeza pumzi kuzilazimisha, na nyuzi nazo zinajikaza zaidi kuizuia pumzi ile. Kwenye la 3 misuli ya ndani inachoka na kuachia yote kwa mara moja. Huko ndiko kupasuka. Wale wawili wa falseto wana kosa lililo kinyume: wao huachia yote mapema, nyuzi hazigusani vizuri, hewa inavuja, sauti inapotea.

Kwa hiyo kazi yenu ya wiki 10 iko kati ya re 3 na sol 3. Hilo ndilo daraja la tenor, yaani mahali sauti inapovuka kutoka kifua kwenda kichwa. La baritoni, sauti ya wanaume iliyo kati ya tenor na bas, liko chini zaidi, karibu si 2 hadi mi 3.

Kabla ya zoezi lolote, wapimeni wanaume wote upya, mmojammoja. Aimbe noti tano za kupanda na kushuka kwa "a", sauti ya wastani, kuanzia do 2, mkipanda nusu toni kila mara. Usimuulize anafika wapi. Angalia ni wapi analazimika kuongeza nguvu au kuinua kidevu, uandike noti hiyo. Akianza kuhangaika si 2 au do 3, huyo ni baritoni, hata kama anaweza kupiga kelele hadi sol. Wanaume wengi ni baritoni, na kikundi kinapokosa tenor huwasukuma huko juu kwa sababu tu wana sauti kubwa. Mpelekeni bas. Na kama kuna vijana ambao sauti inavunjika, wa miaka 12 hadi 15 hivi, wapeni sehemu ndogo ya katikati. Kongomeo lao bado linakua.

Mazoezi yenyewe ni haya. Dakika 20 mwanzoni mwa kila kikao, kabla ya kugusa wimbo.

Dakika 5 za mrija. Mrija wa kawaida wa kunywea soda, glasi ya maji nusu, ncha izame sentimita 2 au 3. Piga "u" ndani ya mrija, noti tano kupanda na kushuka, kuanzia do 2 hadi mwanzo uwe do 3, yaani kilele sol 3. Viputo vitoke kwa mwendo mmoja. Vikiruka kwa nguvu unaposogelea fa 3, umeongeza pumzi. Vikikatika, umebana koo. Pua isivujishe hewa: ibane kwa vidole uhakikishe, sauti isibadilike. Siri ya mrija ni kwamba hewa inazuiwa kidogo mbele, mgandamizo fulani unarudi hadi juu ya nyuzi, nazo zinaweza kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Asiye na mrija atetemeshe midomo, brrr, kama mtoto anayeiga pikipiki.

Dakika 3 za "ng'". Sisi tuko na bahati, herufi hii tunayo tangu utotoni. Shika "ng'" ya "ng'ombe", mdomo umefunguka kidogo, kisha telezesha sauti kutoka la 2 hadi la 3 na kurudi, bila ngazi, kama king'ora. Polepole, sekunde 4 kwenda na 4 kurudi. Sauti iwe ndogo. Mahali inaporuka ndipo daraja la mtu huyo lilipo, apite hapo mara tano au sita kwa sauti ndogo zaidi, asipaogope.

Dakika 4 za kushuka kutoka juu. Wanaume waanze falseto, "hu", do 4, washuke noti tano hadi fa 3. Kila mara nusu toni chini, mpaka mwisho uwe do 3. Sauti ya kifua iingie yenyewe huko chini bila kugonga. Zoezi hili ndilo tenor wengi hulikataa kwa kuona aibu, na ndilo linalowasaidia zaidi, kwa sababu linafundisha misuli kushiriki mzigo kutoka upande mwepesi.

Dakika 5 za do-mi-sol-do-sol-mi-do, kuanzia re 2 (kilele re 3) hadi la 2 (kilele la 3). Hapa msiwape wote silabi moja. Wanaopiga kelele waimbe "mu", midomo mbele. Wanaovuja hewa waimbe "nye", kali kidogo, kama watoto wanaotaniana "nye-nye-nye". "Mu" inatuliza kongomeo, "nye" inaleta nyuzi pamoja. Mpiga kelele ukimpa "nye" utamzidishia kosa.

Dakika 3 za mwisho: fa 3, "o", anza ndogo, kuza mapigo 4, punguza mapigo 4. Kukuza kila mtu anaweza. Tazameni kupunguza. Anayepasuka wakati wa kupunguza alikuwa na unene mwingi tangu mwanzo.

Wakati wote huo kila mtu aweke kidole kwenye kongomeo. Kusogea kidogo ni kawaida, lakini likipanda kabisa hadi chini ya taya, simama, rudi toni mbili chini. Dole gumba chini ya kidevu: pale pawe laini. Pakiwa pagumu ulimi umevutwa nyuma, ncha yake irudi kugusa meno ya chini.

Na pumzi: msijaze mapafu hadi juu. Kosa hili linafundishwa sana, "vuta pumzi nyingi, noti ni ya juu". La 3 inahitaji hewa kidogo kuliko wanavyofikiri. Kifua kikijaa pomoni, hewa inadai kutoka, na koo linakuwa kizibo. Vuta kiasi cha kusema sentensi ndefu, mbavu zipanuke pembeni, kisha uziache zibaki zimepanuka wakati unaimba.

Kuhusu vokali kwa wanaume: kuanzia fa 3 au fa diezi 3, "a" ielekee "o" kidogo, "e" izungushwe midomo. "A" ile pana ya kuongea ukiipandisha hadi sol 3 inageuka mwito wa sokoni, kongomeo linapanda nayo. Anayesikiliza akiwa mita kumi bado atasikia "a".

Kanuni ya kupanda: nusu toni mpya inaongezwa tu kama ile ya nyuma imeimbwa safi katika vikao vitatu mfululizo. Mtu asiyetimiza abaki pale alipo, hata kama jirani yake amepita.

Mama_Soprano_Ibanda (Bukavu)

Mwalimu amewatendea haki wanaume. Mimi naongezea upande wa akina mama, kwa sababu kanuni ya vokali kwao karibu inageuka juu chini.

Tuanze na "Mungu" kwenye la 4. La 4 ni mitetemo 880 kwa sekunde. Mdomo ukiwa umeundwa kwa "u" au "i", nafasi ya ndani ya kinywa hupenda kuvumisha sauti za karibu 300 au 400. Noti imeshaipita nafasi hiyo zaidi ya mara mbili, basi kinywa hakiisaidii tena, na soprano anajikuta anasukuma peke yake. Ndiyo maana inatoka nyembamba na chini ya toni. Hakuna pumzi itakayoponya hilo. Inabidi taya lishuke. Kuanzia mi 4 au fa 4, "u" iwe "o", na kwenye la 4 ifunguke hadi karibu na "a", midomo ikiwa bado ya mviringo. Kipimo ni vidole viwili vilivyopangwa wima kati ya meno. Maneno yanaeleweka kwa konsonanti na kwa silabi za nyuma. Hakuna atakayesikia "Munga", mradi "Mu" iliimbwa wazi kule chini.

Kuna jambo jingine ambalo watunzi wetu hulisahau. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: Mu-ngu, mi-le-le, Bwa-na. Mkiweka "-ngu" kwenye kilele na kuipiga kwa nguvu zote, mnavunja neno na mnavunja koo pia. Kama mpangilio ni wenu wenyewe, sogezeni: "Mu" ipande hadi la 4, ikae mapigo 5, "-ngu" ishuke mi 4. Au mbadilishe neno la kilele liwe na "a" au "e". Kama mpangilio ni wa mtu mwingine na hamwezi kuugusa, basi "-ngu" ianze nyepesi na ikue.

Konsonanti nazo: "mtakatifu" ikiandikwa hivyo kwenye noti ya juu, "m" peke yake haina vokali ya kubeba. Hapa kwetu tunasema "mutakatifu", na kwa mwimbaji hiyo ni zawadi. Imbeni "mu". Kwa "mbingu" na "nchi", nazali ("m" au "n" ya mwanzo) ipigwe kabla ya pigo na vokali itue juu ya pigo.

Soprano wana madaraja mawili. La chini liko karibu mi 3 hadi sol 3, la juu karibu mi 4 hadi fa diezi 4. Wengi wanaolalamika juu ya la 4 wameharibu huku chini: wanavuta sauti ya kifua hadi la 3, si 3, do 4 kwa sababu inasikika kubwa, halafu hakuna njia ya kufika la 4 ila kuruka. Zoezi lao: "u" nyepesi kutoka do 4 kushuka hadi do 3, sauti ya kichwa iletwe chini iwezekanavyo, dakika 5 kila kikao. Wiki mbili za mwanzo la 3 yao itakuwa ndogo, msifadhaike wala msiwalazimishe. Inarudi ikiwa imejaa.

Na mapigo 6 mnayoshika: pumueni kwa zamu. Soprano wanane, kila mmoja apewe pigo lake la kupumua, anatoka katikati ya vokali bila konsonanti, anarudi kimya na kukua. Pasiwe na wawili majirani wanaopumua pamoja.

Sono_Kamalondo (Lubumbashi)

Mbinu zote hizo zitaanguka kama waimbaji hawajisikii. Mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua, ni tabia ya mwili. Ngoma na gitaa nyuma, retur moja inayotoa kila kitu, tenor hawezi kujua kama anaimba fa 3 au anaipigia kelele.

Kwanza vikao viwili kati ya vitatu kwa wiki viwe na klavye peke yake, au bila chombo chochote. Siku ya vyombo, retur ibebe sauti na klavye tu. Ondoeni gitaa na ngoma humo, zinasikika vya kutosha jukwaani. Punguzeni chini ya herzi 100 kwenye kila mikro ya sauti. Mwimbaji akilalamika hajisikii, usikimbilie kuongeza sauti: punguza kwanza kile kinachomfunika, kisha ongeza kidogo karibu na herzi 3000.

Retur iwekwe kulingana na mikro. Mikro ya kadioidi haisikii vizuri nyuma yake, basi retur ielekee mkia wa mikro moja kwa moja. Ya superkadioidi husikia kidogo nyuma, mahali pake pa kiziwi ni pembeni-nyuma, basi retur isogee pembeni. Anayefunika kichwa cha mikro kwa kiganja anaziba matundu ya nyuma, mikro inasikia kila upande na larsen (ule mlio mkali wa bafle) inaanza. Mikro ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Kwenye noti ya juu isogezwe mbali kidogo, hadi 15. Mtu akijua kwamba ataisogeza, huacha kubana koo kujizuia.

Kagueni pia klavye. Nyingi zina kitufe cha kuhamisha toni na kingine cha kurekebisha la. Ikiwa mtu aliacha +1, mlichodhani ni La ni Si bemoli. Pigeni la ya katikati, mpime kwa simu: isome 440.

Tenor_Himbi (Goma)

Aksanti sana wote. Tumepima leo. Kati ya tenor sita, wawili ni baritoni wazi, walianza kuhangaika do 3.

Maswali mawili. La kwanza: waliobaki wanne, je, ni vibaya wakiimba la 3 kwa falseto iliyoimarishwa, kama haitaonekana tofauti? La pili: mmoja wao sauti yake imekauka, sasa wiki ya nne. Anatafuna tangawizi na pipi za mentoli na anaendelea kuimba. Tumpumzishe au mazoezi ya mrija yanamtosha?

Muuguzi_Ndosho (Goma)

Naanza na la pili kwa sababu ndilo la haraka. Asimamishwe leo. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3 inahitaji kutazamwa na daktari wa ORL (masikio, pua na koo), nyuzi zenyewe zionekane kwa kioo au kamera. Hakuna anayeweza kujua kwa kusikiliza tu kama ni uvimbe wa kawaida, vinundu, au kitu kingine. Kioo hicho kidogo, kwa taarifa yenu, kilitumiwa na mwalimu wa kuimba, Manuel García, mwaka 1854, kutazama nyuzi zake mwenyewe zikitetemeka. Madaktari walikichukua kutoka kwa wanamuziki.

Vikiwa vinundu, mara nyingi dawa ya kwanza ni kubadilisha namna ya kutumia sauti, kwa miezi, wala si kisu. Lakini akiendelea kuimba juu yake vinakomaa.

Tangawizi na maji havigusi nyuzi za sauti. Ukimeza, kila kitu kinapita kwenye umio, nyuma; nyuzi ziko kwenye njia ya hewa, na zikiguswa na tone moja unakohoa. Maji yanasaidia kwa kuzunguka mwilini, basi yanywewe asubuhi na mchana, kidogokidogo. Ukiyanywa ukiwa jukwaani yanalainisha kinywa tu. Kinachozifikia moja kwa moja ni mvuke: sufuria ya maji yaliyochemka, iepuliwe kwanza, ungoje dakika chache, kisha vuta mvuke dakika 5 hadi 10, uso mbali kiasi usiungue. Bila dawa wala mafuta ndani.

Mentoli ndiyo inayonitia wasiwasi. Inapoza koo, mtu hasikii tena maumivu yanayomwonya, anasukuma. Vivyo hivyo aspirini na ibuprofeni kabla ya kuimba kwa nguvu: zinapunguza kuganda kwa damu, na mshipa mdogo ndani ya uzi wa sauti ukipasuka unavuja zaidi. Kama aspirini aliandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine, asiiache mwenyewe, amuulize daktari. Mtu yeyote ambaye sauti inamkatika ghafla katikati ya noti ya juu anyamaze kabisa siku ile ile na aende kuonwa. Kunong'ona hakuhesabiki kama kunyamaza, kwa wengi kunakaza koo zaidi.

Hapa Goma kuna vumbi la mawe ya volkano, hasa kiangazi, na moshi wa makala ya kupikia. Mazoezi yasiwe kando ya jenereta wala karibu na mbabula (jiko la makala). Mfagie na kunyunyiza maji saa moja kabla, si dakika tano kabla. Na kwa kuwa mnaimba jioni, chakula kizito kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kuimba, na wasilale papo hapo baada ya kula: asidi ya tumbo ikipanda usiku inaunguza nyuma ya kongomeo, na asubuhi noti za juu ndizo zinazokosekana kwanza.

Dalili ndogo ya kila siku: imbeni "u" ndogo kabisa, wanaume karibu fa 3 hadi la 3, wanawake fa 4 hadi la 4. Nyuzi zilizovimba haziwezi kuanza sauti ndogo huko juu. Inatoka hewa kwanza, sauti inachelewa. Sauti kubwa itaficha uvimbe, ndogo haifichi. Asiyeweza leo ilhali jana aliweza, leo asiimbe kilele.

Mwalimu_wa_Solfa (Bukavu)

Mmetenda vema kuwapima. Muuguzi amemaliza la mgonjwa, sina la kuongeza.

Falseto iliyoimarishwa si aibu wala si udanganyifu. Tofauti iko katika kugusana kwa nyuzi. Jaribu hivi: tenor aanze la 3 falseto, aikuze mapigo 4 kwa "nye", kisha ashuke bila kukata hadi mi 3. Akifika mi 3 bila kugonga wala kubadilisha rangi ghafla, la 3 yake ni ya mchanganyiko wa kifua na kichwa, na itasikika. Ikigonga, bado ni falseto tupu, arudi kwenye zoezi la kushuka.

Ila sasa mko na tenor watatu wanaoweza kuimba. Watatu hawa, wiki 10, la 3 juu ya ngoma na gitaa: nasema hapana. Toni huchaguliwa kwa kuhesabu kutoka mwisho wa wimbo. Kilele wanachokifikia leo bila kupasuka ni sol 3, basi wimbo uishie Sol. Ukiishia Sol na mnapandisha toni nzima mara mbili, mwanzo ni Mi bemoli. Soprano nao "-ngu" yao inashuka hadi sol 4, na hiyo wataipenda.

Angalieni upande wa pili: kama bas walikuwa na fa 1 kwenye mpangilio wa Fa, sasa itakuwa mi bemoli 1, na wengi hawana hiyo. Ipandisheni oktava, mi bemoli 2. Wale baritoni wawili mnaowahamisha wataishika vizuri. Alto wasibadilishwe kitu. Wakati wa mazoezi ya sauti mwendelee kupanda hadi la 3 kama nilivyoandika, maana anayeimba sol 3 mbele ya watu anahitaji toni moja ya akiba juu yake.

Tenor_Himbi (Goma)

Wapiga gitaa wetu hawataki Mi bemoli, wanasema haina akodi wazi, zile za nyuzi zisizobanwa.

Sono_Kamalondo (Lubumbashi)

Muko na gitaa mbili, kwa hiyo inawezekana bila kupiga bare (kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja) usiku kucha. Gitaa ya kwanza iweke kapo (kibanio cha nyuzi shingoni mwa gitaa) kwenye nafasi ya 1 na ipige maumbo ya Re: hiyo ni Mi bemoli. Ya pili iweke kapo nafasi ya 3, maumbo ya Re pia: hiyo ni Fa, nayo inyamaze au ipige noti moja-moja mpaka mpandishe mara ya kwanza. Ya pili inapoishika Fa, ya kwanza inatoa kapo na kungoja. Mkipandisha hadi Sol, ya kwanza iko Sol wazi, na ya pili, kapo ikiwa palepale nafasi ya 3, inapiga maumbo ya Mi. Kapo ikishatolewa nyuzi huwa zimelegea au kukaza kidogo, basi yule wa kwanza atumie ubeti wa Fa kurekebisha, mikro ya gitaa yake ikiwa imefungwa.